Wamefunga

Jezi ya namba tisa ilirudi safi kwa mara ya kumi na moja. Dobi aliitoa kwenye gunia, akaigeuza mbele na nyuma, akainusa kwapani, kisha akaitundika kwenye msumari bila kuiloweka. Ya namba nne ilikuwa na tope hadi shingoni. Ya kipa ilikuwa na damu kwenye kiwiko na majani mgongoni, maana kipa wa Nyundo msimu huu hakupata hata nafasi ya kufunga kamba za viatu. Lakini ya namba tisa, mshambuliaji, mtu anayelipwa kwenda kule watu wanakokanyagana, ungeweza kuivaa harusini.

"Mechi kumi na moja," Dobi alimwambia Kinyozi wa mlango wa pili, aliyekuja kuomba maji ya moto. "Kumi na moja bila bao. Hata kipofu angekuwa ameshajikwaa kwenye mpira ukaingia wenyewe."

"Si ndiye anaitwa Mzinga?"

"Mzinga wa nyuki. Nao mtupu, hata asali hamna."

Kinyozi alicheka. Barabarani pale watu walipenda kusema kwamba katika timu nzima ya Nyundo anayejua kupiga pasi ni Dobi peke yake. Utani huo ulikuwa wa miaka mingi na Dobi hakuuchoka. Mteja mgeni akija, asipoambiwa na wengine, aliambiwa na Dobi mwenyewe. Alikuwa amefua jezi za timu hiyo miaka kumi na minne, na kwa hizo jezi alijiona mtu wa ndani. Aliujua mchezo kwa madoa. Nani kaanguka, nani kasukumwa, nani kazurura uwanjani dakika tisini kama mgeni wa msibani, yote aliyasoma kwenye karai.

Kesho Jumamosi Nyundo walikuwa wanacheza mechi ya mwisho, ugenini, kwa jezi zao za ugenini. Wakishinda wanabaki. Wakitoka sare au wakifungwa, wanashuka daraja. Dobi alikuwa hajala vizuri tangu Jumatano.

Ndipo mkewe na binti yake walipoingia, jasho likiwatiririka, Mama Nesi akiwa ameshika bahasha kama mtu aliyeshika kitu cha kuwachapia watu.

"Herufi moja," alisema hata kabla ya kukaa. "Baba Nesi, herufi moja! Jina langu kwenye cheti cha mtoto ni hivi, kwenye kitambulisho changu wameongeza herufi. Yule mama wa dirishani, pale ofisi ya chuo, akaniangalia kana kwamba huyu mtoto nimemwiba. Mbele za watu. 'Mama, tutajuaje kwamba ni wewe?' Miezi tisa nimebeba tumbo, leo naulizwa ni mimi?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na mtaa mzima ulimwita Nesi tangu akiwa na miaka sita, siku aliyomfunga kuku mguu kwa kitambaa na kuku akapona. Jina likamganda, mpaka wazazi wake wakaitwa kwa jina hilo. Miaka miwili alikuwa ameomba chuo cha uuguzi na kukosa. Wiki hii mmoja wa waliochaguliwa alijitoa, na simu ikaja kwake.

"Wanasema aje Baba," alisema taratibu. "Na kitambulisho chake halisi, atie saini mbele yao. Kesho wanafungua saa saba kwa ajili yetu tuliobaki, mwisho saa tisa na nusu. Asipokuja, nafasi anapewa anayefuata kwenye orodha."

"Nitakwenda," alisema Dobi. "Hilo nalo la kuuliza?"

Mama Nesi alimtazama. "Kesho timu yako inacheza."

"Saa nane. Mapumziko saa tisa kasorobo. Mpaka pale ofisini ni mwendo wa dakika ishirini na tano. Naingia saa tisa na dakika kumi."

"Na saa saba hiyo utakuwa wapi?"

"Mimi nikapange foleni saa nzima, wateja wa Jumamosi nimwachie nani? Nesi atanishikia nafasi."

Haikuwa kweli. Wateja wa Jumamosi walikuwa hawafiki watano. Ukweli ni kwamba Dobi aliogopa Nyundo wasije wakafunga bao lao la kwanza katika miezi mitatu yeye akiwa amekaa kwenye benchi la ofisi na fomu mapajani. Alijua ni upuuzi. Aliogopa vilevile.

Mama Nesi aliiweka bahasha mezani, juu ya nguo zilizopigwa pasi. "Sikia, mume wangu. Mimi mpira siujui, ila kwa miaka yote niliyolala na wewe nimesikia. Goli liko wazi. Kipa kalala. Wewe kazi yako ni kusogeza mguu tu."

Dobi alicheka mpaka akakohoa. "Ungekuwa kocha wewe, tusingefika huku."

Nesi naye alitabasamu. Alimwamini baba yake. Hakuwa na sababu ya kutomwamini, maana katika mambo madogo hajawahi kumwangusha, na makubwa hayakuwa yamewahi kutokea.

Jumamosi, saa nane kamili, redio ya Dobi ilikuwa imewekwa juu ya rafu kati ya sabuni na wanga. Kinyozi aliacha mlango wake wazi ili asikie huku akinyoa. Fundi Viatu alihamisha kigoda chake kutoka barazani, akaja nacho ndani pamoja na nyundo na kiatu alichokuwa anakigonga. Wengine watano sita walisimama mlangoni.

Dobi alikuwa anapiga pasi shati lake jeupe, la kwendea ofisini. Kulikuwa na sababu nyingine, na wote waliijua. Siku Nyundo walipofunga bao lao la mwisho, kabla ya zile mechi kumi na moja, Dobi alikuwa na pasi mkononi. Tangu hapo alikuwa amejaribu kukaa, kusimama, kwenda msalani, hata kutosikiliza kabisa. Leo alikuwa amerudi kwenye pasi.

"Usiiweke chini hiyo," alisema Fundi Viatu.

"Naiwekaje chini na mkaa umekolea?"

Kipindi cha kwanza kilikwenda kama zilivyokwenda mechi nyingine zote. Nyundo walifika langoni wakarudi, walifika wakarudi, kama watu wanaobisha hodi nyumba isiyo na mtu. Lakini dakika ya arobaini na nne Mzinga aligeuka, akapiga, mpira ukagonga mwamba. Mtangazaji alipiga kelele mpaka redio ikakwaruza. Wanaume wote mle ndani walishika vichwa kwa pamoja.

"Linanukia," alisema Kinyozi, wembe mkononi. "Bao linanukia, jamani. Kipindi cha pili hiki hiki."

Mapumziko yalifika. Dobi alitazama saa ya ukutani. Saa tisa kasorobo. Shati lilikuwa limeshanyooka zamani, hata kola ilikuwa inasimama yenyewe. Kitambulisho kilikuwa kwenye mfuko wa suruali. Hakuna kilichomzuia.

"Dobi, ukitoka sasa hivi na pasi umeiacha, usije ukatulaumu," alisema Fundi Viatu. Alisema kwa utani. Ila hakucheka.

"Dakika tano za kipindi cha pili," alisema Dobi. "Tano tu, halafu nakimbia. Nikikimbia ni dakika kumi na tano." Akaligeuza shati, akaanza mgongo upya.

Kipindi cha pili kilianza saa tisa. Saa tisa na dakika nne, umeme ulikatika.

Mtu mwenye akili angelivaa shati na kuondoka, maana hata cha kusikiliza hakikuwepo tena. Lakini tumaini halina akili. Wote walibaki wameikodolea macho ile redio iliyokufa, kila mmoja akisema utarudi, utarudi sasa hivi, jana si ulikatika dakika tatu tu. Betri hakuna aliyekuwa nazo. Simu zao zilikuwa zile za kupiga na kutuma ujumbe basi, na hakuna waliyemjua huko ugenini.

Saa tisa na dakika kumi simu ya Dobi iliita.

"Baba, uko wapi? Mbele yangu wamebaki wawili."

"Niko njiani."

Fundi Viatu aligonga kiatu, ko, ko, ko. Nesi aliisikia ile nyundo, akaijua. Tangu utotoni alikuwa akiisikia.

"Baba, njoo sasa hivi. Nakuomba."

"Nakuja mwanangu, nakuja." Hapo Dobi alikumbuka kwamba Mama Nesi alisema mlinzi wa ile ofisi anashinda na redio sikioni. Akataka kuuliza matokeo. Lakini aliona aibu kulitaja neno mpira kwa mtoto aliyesimama juani kwa ajili yake, kwa hiyo hakulitaja. Alishusha sauti tu. "Sikiliza. Wakifunga, nitumie ujumbe."

"Wakifunga?"

"Ee."

"Baba, wakifunga si ndiyo basi tena? Nikikwambia itasaidia nini?"

Dobi aliona mtoto amekata tamaa na Nyundo kama watu wengine wote, akamhurumia. "Usiseme hivyo. Kwangu mimi ni jambo kubwa. Nitumie tu, hata neno moja linatosha."

Simu ilikatika. Dobi alirudi kwenye shati.

Dirishani, wale wawili waliisha haraka kuliko kawaida. "Mzazi wako?" aliuliza yule mama. Alikuwa mtu mzima, miwani imeshikiliwa na uzi, naye alikuwa hajala tangu asubuhi.

"Yuko njiani."

"Kaa pembeni, apite wa nyuma."

Hakuna aliyepita. Nyuma yake kwenye foleni hakukuwa na mtu ila msichana mmoja aliyekaa kwenye benchi na baba yake, mzee aliyevaa koti zito katika joto lile. Hao hawakuwa wameitwa. Walikuwa wa kwanza kwenye orodha ya akiba, wamekuja kungoja kama patatokea bahati. Nesi alitazama lango. Mlinzi alikuwa na redio sikioni kweli, akitikisa kichwa. Saa tisa na robo. Saa tisa na dakika ishirini na tano. Alipiga simu mara mbili haikupokelewa, maana Dobi alikuwa mlangoni amenyoosha shingo kuangalia kama mtaa wa pili umeme umerudi, na simu ilikuwa mezani, chini ya jezi.

Saa tisa na nusu ilifika. Yule mama alisubiri dakika mbili zaidi, ambazo kazi yake haikumdai. Kisha alimwita msichana wa kwenye benchi na baba yake, wakaingia ndani kwa mlango wa pembeni, na dirisha likashushwa.

Nesi alisimama pale. Halafu alikumbuka alichoambiwa na baba yake, akatoa simu. Aliandika neno moja.

Simu ilitikisika chini ya jezi. Dobi aliitoa, akasoma, midomo ikabaki wazi.

"Wamefunga," alisema.

"Nini?"

"Wamefunga! Nesi kaandika. Wamefunga!"

"Wamefunga kina nani?" aliuliza Fundi Viatu, ambaye maisha yalimfundisha kuuliza mara mbili. "Sisi au wao?"

"Wao kina nani? Ingekuwa wao angeandika 'tumefungwa'. Mwanangu kasoma huyu!"

Hoja hiyo iliwatosha. Kinyozi alitoka mbio mlangoni mwake akimwacha mteja na kichwa nusu, naye mteja akatoka na kitambaa shingoni akiruka. Walimkumbatia Dobi, wakamwinua, wakamgonga kichwa kwenye kenchi ya paa, hakusikia maumivu. Fundi Viatu alikuwa anafuta machozi kwa aproni yenye gundi. Mtu wa barabarani alipita akauliza kuna nini, akaambiwa, naye akaenda akilipeleka neno mbele. Mpaka kona ya tatu watu wakawa wanajua Nyundo imefunga.

Harufu ndiyo iliyowazuia. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati. Dobi alipoiinua, kifuani upande wa mfuko palikuwa na alama ya pasi kamili, ncha hadi kisigino, kahawia pembeni na tundu katikati.

"Acha liungue!" alisema Dobi, akacheka. "Acha liungue, jamani, Nyundo imefunga!"

Alivaa fulana, akapapasa kitambulisho, akatoka mbio kuelekea ofisini. Saa hakuitazama. Moyoni alikuwa ameshajiambia kwamba hakuna ofisi inayofunga kwa saa iliyoandikwa ukutani, na siku ambayo Nyundo imefunga, hakuna mlango utakaomkataa. Kwa mara ya kwanza siku ile, alikuwa njiani kweli.

Hakufika mbali. Alimwona Nesi anakuja, anatembea pembeni mwa barabara, fomu mkononi.

"Nesi! Mwanangu wee!" Watu walikuwa wamemfuata kwa nyuma, Kinyozi na Fundi Viatu wakiwa mbele. "Hebu sema. Nani kafunga?"

Nesi aliwatazama wote. Hakuelewa kwa nini wanacheka.

"Yule mama wa dirishani," alisema.

Walicheka zaidi. Dobi naye alicheka, mkono umeshanyooka kumshika bega. "Acha utani wako. Dakika ya ngapi?"

"Saa tisa na nusu ilipofika alisubiri dakika mbili, halafu akafunga. Nikakuandikia, Baba, kama ulivyosema. Neno moja."

Dobi aliitazama fomu. Chini kabisa kulikuwa na mstari mtupu, na pembeni yake kisanduku cha dole gumba, nacho kitupu. Kicheko kilikuwa bado hakijamtoka usoni. Kinyozi ndiye aliyeelewa wa kwanza, akatazama chini.

Ndipo umeme uliporudi. Kutoka kule kwa Dobi redio ilianza kusema yenyewe kwa sauti ya juu, na barabara ilikuwa kimya kiasi kwamba waliisikia wote. Mpira umekwisha. Sifuri kwa sifuri. Nyundo wameshuka daraja.

"Sasa lile bao?" aliuliza yule mteja wa kichwa nusu. Waliondoka mmoja mmoja, na kwenye kona ya tatu watu waliokuwa wameshangilia waliuliza ni mpumbavu gani aliyewadanganya.

Mama Nesi alirudi jioni kutoka sokoni. Alimkuta Dobi amekaa kitandani na Nesi anapepeta mchele.

"Alikuja?" alimuuliza binti.

"Foleni ilikuwa ndefu, Mama," alisema Nesi.

Mama Nesi aliliona shati kwenye kiti. Aliliinua, akapitisha vidole kwenye lile tundu, akawatazama mume na mtoto. Mwanamke yule alikuwa na maneno ya kila jambo, tangu ujirani hadi mauti. Siku ile alilikunja tu shati mara nne, akaliweka na matambara ya kufutia meza, akaingia jikoni, na huko ndiko walikomsikia analia.

Jumatatu Dobi alikuwa dirishani kabla halijafunguliwa. Alikuwa amevaa suti ya mteja, Mungu amsamehe.

"Nafasi ilijazwa Jumamosi ileile, Baba," alisema yule mama. "Aliyefuata alikuwa hapo hapo, na baba yake amekaa naye."

"Nilikuwa njiani."

Yule mama alivua miwani, akaifuta. Hakuwa na ukali. "Wote huwa njiani, Baba," alisema. Kisha akamwomba asogee kidogo, nyuma yake kulikuwa na watu.

Jumanne lililetwa gunia la mwisho la msimu. Aliyelileta alisema uongozi utafikiria kama mwakani watahitaji dobi, kwa sasa wachezaji watafua wenyewe. Kinyozi alichungulia mlangoni, akaanza kusema, "Nesi, mwambie baba yako..." akasikia jina alilolitaja, akakatiza, akarudi kwake.

Dobi alitoa jezi moja moja. Namba nne, tope. Kipa, damu. Namba tisa ilikuwa safi kama siku zote. Aliishika muda mrefu. Msumari ulikuwa pale pale ukutani, lakini hakuitundika. Aliizamisha kwenye karai, akaipaka sabuni, akaanza kuisugua.

Nesi alikuwa amekunja mikono ya blauzi, amekaa upande wa pili wa karai.

"Hiyo mbona safi, Baba?"

Dobi alisugua kola, akasugua kwapa, akasugua ile namba mgongoni mpaka vifundo vya vidole vikawa vyekundu. Nesi alimtazama, kisha akaivuta jezi ya kipa, akatafuta lile doa la damu kwenye kiwiko, akaanza kulitoa kwa maji baridi jinsi alivyoona baba yake akifanya tangu akiwa mdogo.

"Ukimaliza hiyo," alisema bila kuinua macho, "nifundishe kupiga pasi."